Mume wangu hagusi pombe, mbona vipimo vya ini viko juu?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga. Nimeolewa Korea Kusini na tunaishi Suwon, mji ulio kusini kidogo mwa Seoul. Tuna binti mmoja wa miaka tisa, Mina. Jina tulilikata kutoka Amina ya mama yangu ili na ndugu wa mume waweze kulitamka.

Nakuandikia kwa sababu nyumba yangu imekosa amani kwa ajili ya karatasi moja. Huku mwenye bima ya afya ya taifa huitwa kupimwa kila baada ya miaka miwili. Mwezi wa tisa, 2025, Baba Mina alikwenda, majibu ya vimeng'enya vya ini yakaja: AST 44, ALT 68, gamma-GTP 34. Pembeni ya ALT wameandika arudi kuchunguzwa zaidi. Nikafukua kwenye mtoto wa meza karatasi ya 2023, nikakuta ALT ilikuwa 52 na hakuniambia. Alizaliwa 1983, urefu wake sentimita 172, ana kilo 78. Tulipooana alikuwa na 66. Kiuno wameandika 94. Ukimwona njiani hutasema ni mnene.

Pombe hanywi. Akionja nusu glasi ya soju, uso na shingo vinamwiva vyekundu na moyo unamwenda mbio. Wakitoka kazini kwenda kula pamoja, wenzake humwambia anywe kidogo kidogo, atazoea. Daktari aliyemsomea majibu alimwambia apunguze pombe kabla hajamuuliza kama anakunywa. Alirudi amekasirika, akasema pale hatakanyaga tena.

Sasa upande wa mama mkwe. Anaishi Anseong, ni mkulima. Tangu 2001 yumo kwenye utafiti mkubwa wa serikali. Kila baada ya miaka miwili huitwa, hutolewa damu na kuulizwa anakula nini. Anajivunia sana jambo hilo. Anasema alisikia hukohuko kwamba Wakorea wana jeni zinazopandisha vimeng'enya vya ini. Baba mkwe alifariki 2009 kwa saratani ya ini, akiwa na miaka 61. Kaka yake mkubwa alimtangulia kwa ugonjwa huohuo. Basi Baba Mina amekwisha kata shauri: "Hili ni la ukoo, hakuna la kufanya." Lakini mama yake huyohuyo, siku nyingine ananigeukia mimi, kwamba ni mandazi yangu na wali wangu wa nazi vilivyomharibia mwanawe. Daktari, mimi mandazi napika Jumapili tu. Nililia jikoni.

Tangu mwezi wa sita mama anatuletea maboksi ya hanyak, dawa ya mitishamba ya Kikorea iliyochemshwa na kufungwa kwenye vipakiti. Baba Mina anakunywa viwili kwa siku. Wifi naye anatuhimiza tununue kipimo cha jeni, kile cha kutema mate kwenye kichupa na kukituma kwa posta.

Niambie ukweli. Je, ini la mume wangu ni la kurithi? Kama ni la kurithi, ni kweli hakuna la kufanya? Chakula changu kina makosa? Hanyak niizuie vipi bila kumvunjia mama heshima? Na Mina je?

Mama Mina, Suwon

*

Marahaba mwanangu, na poleni nyumbani.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta jambo moja na sikuliona. Umenipa ALT, umenipa kilo na kiuno, hata rangi ya uso akionja soju. Hukunambia kama Baba Mina amewahi kupimwa homa ya ini aina B. Tuanzie hapo, kabla ya jeni na kabla ya mandazi.

Ndugu wawili wa tumbo moja wamekufa kwa saratani ya ini. Kwa Mkorea aliyezaliwa miaka ya 1940, jambo la kwanza la kufikiria ni kirusi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, karibu Wakorea 8 katika kila 100 walikuwa wakiishi na virusi vya homa ya ini B, na njia yake kubwa ilikuwa ni mama kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa. Mama mmoja aliweza kuwapa wanawe wote. Wakakua, wakaoa, wakalima, wakafika miaka hamsini hawajaumwa chochote, kisha wakaanza kuondoka mmoja baada ya mwingine. Watu wakasema ini la ukoo huu ni dhaifu, na kusema kweli kuna kitu kilichorithiwa, ila hakikuwa jeni. Haya si ya Korea peke yake. Nilipokuwa daktari kijana wodini nimewaona ndugu waliolala vitanda jirani, matumbo yamejaa maji, na ukoo mzima nje ukimtafuta mchawi. Kirusi kilekile.

Korea imepambana nacho vizuri. Chanjo ilianza kutumika huko 1983, mwaka aliozaliwa mumeo, na ilipofika 1995 ikawa ya kila mtoto mchanga. Mwaka 2002 serikali ikaanzisha mpango wa kuwalinda watoto wanaozaliwa na mama wenye virusi. Leo wenye virusi ni kama 3 katika 100, wengi wao watu wazima wa rika la mumeo na kuendelea. Baba Mina alizaliwa mlango ukiwa umefunguliwa nusu: huenda alichanjwa, huenda hakuchanjwa.

Bahati nzuri jibu linaweza kuwa humohumo ndani ya mtoto wa meza. Katika mpango wa upimaji wa bima ya taifa, mtu akifikisha miaka 40 hupimwa homa ya ini B, kama hajulikani tayari kuwa na virusi au kinga. Mumeo wa 1983 alifikisha miaka 40 mwaka 2023. Kwa hiyo karatasi ile uliyoifukua, yenye ALT 52, ndiyo inayotakiwa kuwa na mstari huo. Irudie uitazame. Ikiwa mstari haupo, muulize kwa upole na kwa faragha kama alikwisha pimwa zamani na anajua jibu lake. Wapo wanaume wengi wanaolijua na hawalisemi, kwa kuogopa kutengwa mezani, ingawa kirusi hiki hakiambukizwi kwa kula pamoja.

Akikutwa nacho, habari inabadilika, lakini si kwa kukata tamaa. Dawa za kukituliza zipo, ni kidonge kimoja kwa siku, na kwa watu wa kundi hilo walio na miaka 40 na zaidi, mpango wa taifa wa saratani wa Korea unatoa kipimo cha ultrasaundi ya ini na cha damu kila miezi sita. Asipokutwa nacho, tumefunga mlango mmoja mkubwa na tunaweza kuzungumza hayo mengine kwa utulivu. Mama mkwe naye apimwe kama hajapimwa. Na wewe pia: Afrika Mashariki virusi hivi vipo vya kutosha, na wengi wa rika lako hawakupata chanjo utotoni. Huenda ulipimwa ulipokuwa na mimba ya Mina. Tafuta jibu hilo, na kama huna kinga, chanjwa.

Sasa tuingie kwenye namba. Karatasi za huko huhesabu AST kuwa sawa hadi 40, ALT hadi 35, na gamma-GTP ya mwanamume kati ya 11 na 63. AST ya mumeo imevuka mstari kidogo, ALT imekaribia mara mbili ya kikomo, na gamma-GTP imetulia kabisa. Vimeng'enya hivi ni wafanyakazi wa ndani ya seli. ALT makao yake makuu ni ini, AST inakaa pia kwenye misuli na moyo. Seli zikiumia, wafanyakazi wanamwagika kwenye damu, na ndio tunaowahesabu. Gamma-GTP hupanda hasa kwa pombe, kwa dawa fulani, na kwa njia za nyongo zilizoziba. ALT iliyoipita AST, na gamma-GTP iliyotulia, kwa mtu mwenye kiuno cha 94: hiyo ni picha ya mafuta kwenye ini kuliko ya pombe. Daktari aliyemwambia apunguze pombe angetazama namba hizo tatu kwa pamoja asingemkasirisha mgonjwa wake. Mwombe Baba Mina asikose matibabu kwa sababu ya neno moja la haraka. Zahanati ni nyingi huko, aende nyingine.

Na asidharau kwa kuwa haumwi. Mwaka 2004 watafiti wa Korea walichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 140,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 59, wakaona kwamba hata waliokuwa ndani ya mstari wa "sawa", lakini karibu na ukingo wake wa juu, walikufa kwa magonjwa ya ini zaidi kuliko waliokuwa chini. Sisi tunazungumzia 68, na ilitoka 52.

Mama mkwe wako ana haki ya kujivunia. Utafiti anaousema naujua, na nauheshimu mno. Ulianza 2001 kwa watu kama 10,000 wa miaka 40 hadi 69 kutoka sehemu mbili za mkoa wa Gyeonggi: mji wa viwanda wa Ansan na mashamba ya Anseong. Wakulima kama yeye walikubali kuchomwa sindano mwaka baada ya mwaka bila kulipwa utajiri wowote, na baadaye makundi mengine yakaongezwa hata wakapita watu 200,000. Wataalamu hawakuanza na jeni moja waliyoishuku. Walisoma mamia ya maelfu ya vituo kwenye jeni za kila mtu, yaani mahali ambapo herufi za jeni hutofautiana kati ya mtu na mtu, wakauliza: ni kituo gani ambacho wenye herufi hii wana vimeng'enya vya juu kuliko wenye herufi ile? Mwaka 2011, wakianza na Wakorea 12,545, walichapisha majibu ya vipimo vingi vya damu, vya ini vikiwemo. Huko huko wamechunguza hata watoto. Kwa hiyo mama hakudanganya. Jeni zipo. Tatizo ni maana waliyoipa yeye na mumeo.

Nikupe mbili zinazoigusa nyumba yako.

Ya kwanza ni ile ya uso mwekundu. Pombe ikiingia mwilini hugeuzwa kwanza kuwa sumu iitwayo asetaldehaidi, kisha kimeng'enya cha ALDH2 huigeuza sumu hiyo kuwa kitu kisicho na madhara. Karibu Wakorea 3 kati ya 10 wana toleo la jeni hiyo linalofanya kazi kwa kusuasua au lisilofanya kazi kabisa. Sumu inabaki, mishipa inatanuka, uso unaiva, moyo unakimbia. Ndiye Baba Mina huyo, na huhitaji kichupa cha mate kulijua hilo. Ajabu ni kwamba eneo ilipo jeni hiyohiyo, kwenye kromosomu ya 12 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni), ndilo lililojitokeza walipotafuta jeni za gamma-GTP. Lakini jinsi inavyofanya kazi ni ya kuzunguka: wenye toleo hilo pombe inawaumiza, wanakunywa kidogo, basi gamma-GTP yao inakuwa chini. Jeni imepitia kwenye chupa kabla ya kufika kwenye ini. Mahali ambapo watu hawanywi, kama wanawake wa kijijini wa rika la mama mkwe, alama yake hufifia. Naliona hili kuwa somo zuri kuliko yote katika habari nzima ya jeni za ini: karatasi inasema "jeni", ukifuatilia unakuta glasi, meza, na desturi za wanaume wakitoka kazini.

Hapo nina neno kwa wenzake wa kazini. Kuzoea anaweza kuzoea, kwa maana ya kuvumilia. Sumu haimzoei. Mtu mwenye toleo hilo akijilazimisha kunywa mara kwa mara anajiongezea hatari ya saratani ya umio. Akatae, na akiona haya aseme daktari amemkataza. Mimi ni daktari na nimemkataza.

Ya pili ndiyo inayokuhusu zaidi. Iko kwenye kromosomu ya 22, inaitwa PNPLA3, na iligunduliwa kuhusika na mafuta ya ini mwaka 2008 huko Dallas, Marekani. Ndani ya seli za ini mafuta huhifadhiwa kama matone. Wapo wafanyakazi wenye kazi ya kuyavunja matone hayo yatumike. Toleo lililobadilika la PNPLA3 huganda juu ya tone, halitoki, na linawazuia wenzake kufanya kazi. Ni kama mlinzi aliyelala mlangoni pa ghala: mzigo unaingia, kutoka hautoki. Kwa Wakorea, kama nakala 4 katika kila 10 za jeni hii ni za toleo hilo. Kwa kuwa kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, kwa hesabu ya haraka theluthi mbili ya Wakorea wanayo angalau moja, na kama mmoja katika sita anazo zote mbili. Kwetu Afrika ni adimu zaidi. Ndiyo maana huko Korea unakuta mtu asiyeonekana mnene, asiyekunywa, na ini lake lina mafuta.

Lakini watu hao hawakupewa mabaya tu. Mwaka 2018 iligunduliwa jeni nyingine, HSD17B13, ambayo toleo lake moja linashusha ALT na kulikinga ini lisipate makovu. Asia Mashariki toleo hilo zuri limeenea sana, karibu theluthi ya nakala zote. Kwa hiyo Mkorea mmoja anaweza kuwa na mlinzi aliyelala na mkombozi wake pamoja. Anayesema "sisi ini letu ni dhaifu" amesoma nusu ya barua.

Na sasa jambo ambalo ningependa umsomee mumeo kwa sauti. Mlinzi aliyelala mlangoni pa ghala tupu hana madhara. Toleo lile la PNPLA3, kwa mtu mwembamba, huongeza ALT kidogo sana, vizio vichache kwa wastani. Kadiri tumbo linavyoongezeka ndivyo toleo hilo linavyozidi kudhuru. Yaani mwenye jeni hii ndiye ambaye kila kilo inamgharimu zaidi, na ndiye ambaye kila kilo inayotoka inamlipa zaidi. Hili limepimwa. Huko Hong Kong wagonjwa wenye mafuta kwenye ini waliwekwa kwenye mpango wa chakula na mazoezi, na waliokuwa na nakala mbili za toleo baya ndio waliopungukiwa mafuta ya ini zaidi kuliko wengine. Mumeo anasema ni la ukoo, hakuna la kufanya. Mimi nasema kama kweli ni la ukoo, basi yeye ana sababu kubwa kuliko jirani yake ya kufanya.

Afanye nini? Kwa kilo 78 na urefu ule, huko Korea anahesabiwa mnene tayari. Wao huanzia kipimo cha uzito kwa urefu cha 25, yeye yuko 26 na kidogo, na kiuno cha mwanamume hukitaka kiwe chini ya 90. Akipunguza kilo 4 mafuta ya ini yataanza kutoka. Akifika kilo 6 hadi 8, hata uvimbe wa ndani ya ini hupungua. Asikimbilie kuzimaliza kwa mwezi mmoja, kujinyima kwa ghafla kunalichafua ini zaidi. Miezi sita hadi kumi ni mwendo mzuri.

Kuhusu mandazi yako nimetafakari. Mandazi ya Jumapili hayakumtoa mtu kilo 66 hadi 78. Hukuniandikia anakula nini siku sita zilizobaki, na hapo ndipo ningependa utazame, kwa haki, bila kumtafuta mkosaji: kuku wa kukaanga anayeletwa mlangoni saa nne usiku, rameni kabla ya kulala, bakuli la wali mweupe mara tatu, na kahawa za kopo zenye sukari. Sukari ya vinywaji ini huigeuza mafuta kwa wepesi mkubwa, nami ningeanza kukata hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Kahawa yenyewe isiyo na sukari ini inaipenda, aendelee nayo. Tui la nazi lina mafuta mazito, sikufichi. Lipike jepesi, mara moja kwa wiki, na wali upungue kwenye sahani yake, samaki na mboga ziongezeke. Meza ya Kikorea ina mboga nyingi kuliko meza zetu nyingi. Mwombe mama mkwe akufundishe hizo za kwake za shambani. Utapata mboga, na yeye atapata nafasi ya kumsaidia mwanawe.

Hanyak isimame. Sisemi kila mtishamba ni sumu, wala sisemi mama ana nia mbaya. Lakini katika uchunguzi mmoja uliofanywa hospitali kadhaa za Korea na kuchapishwa 2012, kati ya wagonjwa 371 walioumizwa ini na vitu walivyomeza, zaidi ya robo waliumizwa na dawa za mitishamba. ALT ilikuwa 52 kabla ya hanyak, kwa hiyo haikuanzisha tatizo. Imefika 68 miezi mitatu baada ya kuianza, na hapo siwezi kuiondolea shaka. Na lolote jingine analomeza, poda za kujenga mwili, vidonge vya "kusafisha ini", visimame pamoja nayo. Apime tena baada ya wiki sita hadi nane, na siku chache kabla ya kipimo asifanye mazoezi mazito, maana misuli iliyochoka nayo humwaga AST na ALT.

Namna ya kumwambia mama: asiambiwe na wewe. Aambiwe na mwanawe, na maneno yawe ya kweli: "Mama, daktari anataka kuona ini langu likiwa peke yake, bila dawa yoyote, ili kipimo kisomeke." Hakuna anayelaumiwa katika sentensi hiyo. Vipakiti vilivyobaki msivitupe, vihifadhini, ikiwezekana na orodha ya kilichomo. Daktari anaweza kuvitaka.

Kipimo cha mate, acheni. Kikirudi na toleo baya nitamwambia apunguze kilo 6. Kikirudi na toleo zuri nitamwambia apunguze kilo 6. Fedha hiyo ilipie hesabu kamili ya damu, kwa sababu upimaji ule wa bima hauhesabu chembe sahani, zile za kugandisha damu, nasi tunazihitaji. Kwa umri wake, AST, ALT na chembe sahani, daktari hupiga hesabu iitwayo FIB-4 inayokadiria kama ini limeanza makovu. Mfano, akikutwa na chembe sahani 230, hesabu itatoka kama 0.97, na kwa umri wake chini ya 1.3 inatutuliza. Ikizidi hapo, aombe kipimo cha ugumu wa ini. Ultrasaundi ya ini afanyiwe kwa vyovyote, pamoja na kipimo cha homa ya ini C na cha sukari.

Mina. Kila mtoto huchukua nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Kama baba yake ana nakala mbili za toleo la PNPLA3, Mina anayo moja kwa hakika. Kwako, kwa jinsi toleo hilo lilivyo adimu kwetu, huenda amepata iliyo njema. Si ugonjwa, ni sababu ya kutomzoesha soda na kumwacha acheze nje. Usimpime jeni, na usimwambie mtoto wa miaka tisa kwamba ana ini la ukoo. Chanjo ya homa ya ini B, kama alizaliwa huko, alipewa akiwa mchanga. Angalia kadi yake uthibitishe.

Anza na ile karatasi ya 2023. Ukiuona mstari wa homa ya ini B, au ukikuta haupo, niandikie siku hiyohiyo, usingoje kilo zipungue.